Jana Aliweza, Leo Hataki

Nilimhukumu mtoto kwa ushahidi wa siku zake njema. Naanza na hilo ili msomaji asidhani naungama fimbo peke yake. Fimbo ilikuwepo, nitaieleza. Lakini kosa lililozaa mengine yote ni kwamba kila mara mtoto yule alipofanya vizuri, niliona nimepata uthibitisho kuwa siku nyingine anaharibu kwa makusudi. Jana aliweza, leo hataki. Maneno hayo niliyasema chumba cha walimu, nikayasema kwa direkta wa shule, nikayasema kwa mama yake, na hakuna hata mmoja aliyenipinga, kwa sababu kila mwalimu ninayemjua huyasema.

Nafundisha darasa la nne la msingi upande wa Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi. Watu wa mbali wanalijua jina hili kwa mgodi wake: shaba inachimbwa hapo, inasafishwa hapohapo mpaka inakuwa sahani nyekundu, kisha inapakiwa kwenye malori kuelekea Kasumbalesa na mpaka wa Zambia. Sisi wa nje ya uzio tunaishi kwa mahindi, makala (makaa ya kupikia), biashara za mezani na vibarua vinavyokuja na kukatika. Watoto wangu wanasema Kibemba au Kilamba na bibi zao, Kiswahili uwanjani, na kwangu wanatakiwa waandike Kifaransa. Tangu serikali ilipofuta ada za shule za msingi mwezi wa Septemba 2019, waliokuwa wanakaa nyumbani kwa kukosa pesa waliingia kwa wingi, na ni haki yao. Darasa langu lilipita watoto 80, wanne wanne kwenye dawati la wawili. Hali hiyo naitaja kwa kuwa ni kweli, ila haikuniamuru kumfanyia mtoto yule nilichomfanyia.

Jina lake sitalitaja. Alikuwa na miaka kumi, mwembamba, na kola ya shati lake jeupe la sare ilikuwa imeliwa. Aliitafuna asubuhi yote mpaka kitambaa kikatoka nyuzi. Mama yake aliishona, naye akaitafuna tena. Mguu wake wa kulia haukutulia chini ya dawati, na wenzake watatu wa dawati moja waliandika huku meza ikitikisika. Alijibu maswali kabla sijayamaliza. Alisimama bila ruhusa, akaenda dirishani kutazama lori, akarudi akiwa amesahau kwamba kalamu ilikuwa mkononi. Nilipomtuma kwa direkta kuleta chaki na daftari la mahudhurio, alirudi na chaki, au alirudi mikono mitupu akiwa na habari ndefu ya mjusi aliyemwona kwenye kichuguu nyuma ya shule.

Daftari lake ninalo mpaka leo, mama yake ndiye aliyenipa. Ukurasa wowote ukifungua unaona jambo lilelile. Mstari wa kwanza umeandikwa vizuri, herufi zimekaa sawa, alama za juu ya herufi za Kifaransa zimewekwa zote. Mstari wa pili umeanza kulegea. Wa tatu unapanda juu ya mstari wa daftari, herufi zimekuwa kubwa, neno moja limeandikwa mara mbili na jingine limerukwa. Wa nne una maneno mawili, halafu weupe. Chini yake kuna mwandiko wangu mwekundu: mvivu. Ukurasa baada ya ukurasa, mvivu, mvivu, mkaidi. Nilikuwa na ushahidi wote mbele ya macho, jinsi nguvu ya mtoto inavyokwisha mstari kwa mstari, nami niliusoma kinyume. Nilichukua ule mstari wa kwanza nikasema: huyu anajua kuandika, kwa hiyo huku chini ananidharau.

Jumamosi moja nilimkuta kwenye meza ya mama yake, kando ya barabara ya mgodi. Walikuwa wanauza makala kwa ndoo, mafuta ya kupikia kwa vichupa, na samaki wadogo wa ndakala. Kwetu pesa ni mbili, faranga na dola, na kiwango kinabadilika. Mteja alitoa noti ya dola tano iliyochoka, akachukua vitu vya aina tatu, akataka chenji nusu kwa faranga. Mtoto yule alisimama kwa mguu mmoja, akageuza macho juu, akataja hesabu. Mama akahesabu kwa vidole, akakuta ni sawa. Aliyefuata naye vilevile. Nilisimama pale nikamtazama akihudumia watu zaidi ya kumi bila kukosea, na moyoni sikufurahi. Nilikasirika. Jumatatu nilimpa hesabu nne za kuzidisha, nyepesi kuliko zile za mezani, akafanya moja na nusu. Nikamwita mbele, nikawaambia wenzake nilichokiona Jumamosi, nikampiga kwenye viganja. Kwa kila kosa fimbo moja, na moja zaidi kwa ajili ya dharau.

Naandika hili taratibu kwa kuwa ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilikuwa nimeonyeshwa kipaji cha mtoto, na nilikitumia kama shtaka.

Adhabu nyingine zilikuwa za kawaida yetu. Alipiga magoti kwenye changarawe mlangoni. Alikaa ndani wakati wa mapumziko wenzake wakicheza, yaani mtoto ambaye mwili wake ulihitaji kukimbia kuliko wa mwingine yeyote ndiye niliyemnyima kukimbia, kisha nikashangaa kwamba saa za mwisho alikuwa mbaya zaidi. Nilimhamishia dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha, asiwasumbue wenzake. Huko nyuma sauti yangu ilimfikia ikiwa imechanganyika na malori, na kila kilichopita njiani kilikuwa chake.

Mwisho wa muhula ulifika, nikajaza buleteni. Wanaozijua buleteni za kwetu wanajua kwamba chini ya alama za masomo kuna safu mbili za kumpima mtoto mwenyewe: bidii na mwenendo. Zote mbili nilimpa daraja la chini kabisa. Katika hesabu alipita kidogo, na hilo likanipa nguvu zaidi ya kumshusha kwenye bidii.

Kisha ukaja mkutano wa wazazi. Mama yake alisimama kuuliza, kwa heshima, kwa nini mwanawe ambaye nyumbani anajua kuhesabu anaanguka shuleni. Wazazi walikuwa wengi, nilikuwa nimechoka, na swali lile nililiona kama linanishtaki. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, mtoto huyu si bure. Kuna kitu ndani yake. Umtafutie maombi."

Sikutamka ulozi. Nilitamka "kitu," nikawaachia watu wamalizie wenyewe, na kwetu watu hawachelewi kumalizia jambo kama hilo.

Mama alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Mtumishi wa pale aliagiza mtoto afunge, akashinda na kulala njaa akiombewa na kushikwa kichwa. Alirudi amekonda na hajatulia, kwa hiyo wakasema kitu chenyewe ni kigumu. Katika uwanja mama na mwanawe waliokuwa wamepanga kulikuwa na mwanamke aliyefiwa na kitoto mwaka ule, na msiba unatafuta mwenye kubebeshwa. Watoto wakakatazwa kula naye sahani moja ya bukari, ugali wetu. Wateja wa meza ya makala wakapungua. Hata mbio zake, hata kuamka kwake usiku, vilipata maana mpya. Kabla mwaka wa shule haujaisha akatoroka kwenda kwa mjomba wake, na nilipouliza habari zake niliambiwa anasukuma baiskeli za makala.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza mtoto kutuhumiwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayemtuhumu mtoto hadharani kwa nia mbaya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Nilivijua vifungu hivyo. Nilikuwa nimevifundisha darasani katika somo la uraia, nikawafanya watoto wavinakili. Na naamini mwanasheria yeyote angenitetea kwamba neno lenyewe halikutoka kinywani mwangu. Lakini mama yule alikuwepo, nami nilikuwepo, na tunajua wote wawili uvumi ulianzia wapi.

Aliyenifungua macho ni mtoto mwingine, binti ambaye sikuwahi kumwadhibu. Alikaa safu ya tatu, mpole, nguo safi, na kwenye mwenendo nilimpa daraja la juu kila muhula. Imla zake zilikuwa na mashimo. Sentensi inaanza vizuri, katikati maneno matatu au manne hayapo, halafu inaendelea vizuri tena, na yale aliyoandika hayana kosa hata moja. Nilimwandikia pembeni: usikilize. Binti mpole akikosa tunamwandikia "usikilize," mvulana mtundu akikosa tunamwandikia "mkaidi," na wote wawili tunawapita.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja shuleni siku ya kuwapa watoto dawa ya minyoo. Darasa lilikuwa linasoma kwa pamoja, yeye akisubiri mlangoni. Akaniita pembeni akaniuliza, "Mwalimu, yule binti anafanyaga vile kila siku?" Vile vipi? Akanionyesha. Katikati ya sentensi binti alinyamaza, macho yakabaki wazi yakitazama juu kidogo, kope zikapepesa, na kabla ya kuhesabu kumi akaendelea kusoma na wenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwake yeye hakikutokea. Muda wote huo alikuwa darasani kwangu, na ilibidi mgeni asimame mlangoni dakika chache ndipo aone.

Baba yake aliniomba nimsindikize mjini, kwa kuwa daktari angetaka kuzungumza na mtu anayemwona mtoto mchana kutwa. Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya nchi yetu haina: kuna kituo cha Dr Joseph Guislain cha Mabruda wa Karitasi, kinachohudumia magonjwa ya akili na ya mfumo wa fahamu, na kuna Chuo Kikuu na madaktari wake. Tuliyemwona simtaji, hakunipa ruhusa. Aliomba kwanza madaftari, si mtoto. Akapitisha kidole kwenye mashimo ya imla, akatikisa kichwa. Kisha akampa binti kipande cha karatasi, akamwambia aishike mbele ya mdomo na kuipuliza, apumue kwa nguvu, asipumzike. Sote tulikaa tukiitazama ile karatasi ikipepea. Ilipofika kama dakika ya pili ikaacha kupepea. Mkono uliishika bado, macho yalikuwa wazi, kope zikipepesa. Baba aliita jina lake. Daktari akamzuia kwa mkono, akataja maneno mawili ya rangi, "nyekundu, kijani," akasubiri. Binti akarudi, akaanza kupuliza tena. Akamuuliza, "Nimesema rangi gani?" Binti akatutazama mmoja mmoja, akasema hakusikia rangi.

Hicho ni kifafa, alisema, aina isiyoangusha. Sekunde chache tu, lakini huweza kuja mara nyingi sana kwa siku, na kila mara somo linakatika. Kupumua kwa nguvu huwa kunakiamsha kwa watoto wengi wenye nacho, ndiyo maana ya karatasi. Kina dawa. Binti alianza dawa, na mashimo ya imla yakapungua, ingawa haikuwa mara moja na dozi ilibadilishwa.

Tulipokuwa tunaondoka daktari aliniuliza kama niliwahi kumwadhibu binti kwa mashimo yale. Nikasema hapana, kwa sababu ni mpole. Akaniuliza, "Na wasio wapole?" Nikajikuta nimekaa tena. Nikamweleza habari ya yule mvulana, pamoja na chenji ya dola na kola iliyoliwa. Hakunipa jina la ugonjwa. Alisema mtoto ambaye hajamwona hawezi kumtaja, kisha akaanza kuuliza, na kila swali lilinikuta sina jibu. Alianza lini kuwa hivyo, kabla ya shule au baada? Nyumbani pia, au kwako tu? Aliwahi kuugua malaria ya kupanda kichwani? Masikio yake yanatoa usaha? Analala saa ngapi? Anakuja amekula? Kuna msiba nyumbani? Unapomwelekeza kwa Kiswahili anafanya sawasawa na unapomwelekeza kwa Kifaransa? Nilikuwa nimekaa na mtoto karibu mwaka mzima, nikajua idadi ya makosa yake, na sikujua hata kama anasikia sikio la kushoto.

Jambo moja alinieleza kwa kirefu. Mtoto mwenye shida ya umakini ya kweli hakosi akili wala hakosi nia. Kinachomsumbua ni kuielekeza akili na kuishikilia hapo pasipokuwa na kitu kinachomrudishia jibu papo hapo. Mezani mteja yupo mbele, noti ipo mkononi, ukikosea unaambiwa sasa hivi, ukipatia unapewa pesa sasa hivi, na umesimama, unatembea, unasema. Kwenye dawati jibu linakuja keshokutwa kwa wino mwekundu. Ndiyo maana anaweza hapa na kushindwa pale, jana aweze na leo asiweze. Kuyumba huko ndiyo dalili yenyewe. "Umeme ukikatika nyumbani kwako," aliniambia, "huwa unaipiga taa kwa sababu jana iliwaka?"

Nilisoma baadaye nilichoweza kupata. Mwaka 1902 daktari wa Kiingereza George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London habari za watoto wasiotulia na wasioweza kujizuia, ingawa akili zao zilikuwa nzima. Hata yeye, aliyewatazama kwa makini, aliliita jambo hilo upungufu wa kujitawala kimaadili. Lugha ya lawama ilichukua miaka mingi kutoka kwenye vitabu vya tiba, na kwenye buleteni zetu haijatoka. Kwetu Kongo, Espérance Kashala na wenzake walifanya utafiti katika shule za msingi za Kinshasa, walimu wenyewe wakijaza fomu juu ya wanafunzi zaidi ya elfu moja, nao ukachapishwa mwaka 2005. Walikuta dalili za upungufu wa umakini na mwili kutotulia kwa karibu watoto 6 katika kila 100. Niliipiga hesabu hiyo kwa darasa langu: karibu watoto watano. Mimi nilimwona mmoja, nikamfukuza. Hao wengine wanne walikuwa wapi? Nadhani walikuwa wamekaa kimya wakitazama nje.

Wazazi wa huku huniuliza kuhusu vumbi. Hawaulizi bure. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa mwaka 2009 matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi na viwanda vya kuyeyushia walikuwa na metali nyingi mwilini kuliko wa mbali, na watoto walizidiwa na kobalti kuliko wakubwa. Na risasi, ile metali nzito, inajulikana duniani kote kuharibu umakini wa mtoto hata ikiwa kidogo. Nawaambia wazazi wawanawishe mikono, wafue nguo za kazini mbali na za watoto, wasipike karibu na mawe ya madini. Lakini sitaki vumbi linifutie kosa langu. Hata kama kitu fulani kilikuwa kimemdhuru mtoto yule kabla hajafika kwangu, nilichomwongezea mimi kinajulikana kimetoka wapi.

Darasani nimebadilisha mambo kadhaa, na mengine yamenishinda. Walio wagumu kutulia wanakaa mbele, upande wa ukuta, mahali ninapoweza kugusa dawati nikipita bila kutaja jina. Agizo ni moja kwa wakati mmoja: fungua daftari. Baadaye: andika tarehe. Hesabu kumi nazikata vipande, tatu kwanza, unaniletea, nasahihisha hapohapo, unarudi na tatu nyingine, na huko kuja na kurudi ndiko kutembea anakokuhitaji. Kufuta ubao, kugawa madaftari, kuchota maji ya ndoo ya kunawia, kazi hizo zilikuwa za watoto wema kama zawadi, sasa ni za wasiotulia. Mapumziko simnyimi mtu. Fimbo niliipeleka nyumbani na mke wangu aliitia jikoni.

Kuna mtoto mmoja mwaka huu ambaye bibi yake hajui kusoma, kwa hiyo kikaratasi cha kila siku cha kumjulisha nyumbani hakingefaa. Tulikubaliana mambo matatu tu: kukaa mpaka ameleta hesabu tatu za kwanza, kuinua mkono kabla ya kusema, na kutompiga mwenzake. Kila kipindi kimoja kikipita vizuri anapata punje ya mahindi, anaitia mfukoni. Jioni bibi anazimwaga kwenye kiganja, anahesabu, anamwambia neno zuri kwa kila moja, na siku za punje nyingi anaruhusiwa kukoroga kinywaji cha munkoyo. Siku za punje mbili bibi hamgombezi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kumwomba, na ndilo ninaloona linafanya kazi. Zipo siku mfuko ni mtupu. Siku hizo namsikia yule wa zamani ndani yangu akitaka kusema jana aliweza, nami nauma midomo.

Siyafanyi haya kwa wote wanaohitaji. Watoto 80 ni wengi, na saa nyingine nafundisha tu wale wanaofundishika kirahisi. Dawa inayotumika sana duniani kwa shida ya umakini, methylphenidate, iliombewa kuingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ikakataliwa mwaka 2019 na tena 2021, na kwenye famasi za upande wetu sijawahi kuiona. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa huku dawa ni mwalimu na mlezi, yaani ni sisi, na ndiyo maana kosa letu ni zito. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Nangoja siku inspekta atakapokuja na swali moja juu ya watoto hawa, badala ya kukagua tu kama matayarisho ya somo yameandikwa.

Wala si kila asiyetulia ana shida hii. Mmoja niliye naye anapiga wenzake tangu baba yake alipofukiwa na shimo la uchimbaji, na hasira yake ni kilio. Mwingine alikuwa hasikii, tukamsafisha masikio kituo cha afya, akawa mtoto mpya. Kazi yangu si kutoa majina ya magonjwa. Ni kuuliza yale maswali ya daktari kabla sijashika wino mwekundu.

Nilimwendea mama wa mvulana. Nilimkuta kwenye meza ileile, makala sasa anauza kidogo. Nilimwita pembeni nikamweleza nilichojifunza, kwamba mwanawe hakuwa mkaidi, kwamba nilimwadhibu kwa jambo asiloliweza, kwamba neno langu la mkutanoni lilikuwa ovu. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho akifunga vifungu vya ndakala. Kisha akasema, "Mwalimu, ulisemaka mbele ya bantu. Basi useme tena mbele ya bantu. Mutoto yangu haiko mulozi." Akaingia ndani, akatoka na lile daftari, akanipa. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumuuliza.

Ndiyo sababu naandika. Mtoto yule si mlozi, hajawahi kuwa, wala hana kitu ndani yake isipokuwa akili nzuri iliyohitaji msaada. Bidii yake ilikuwa kubwa kuliko ya watoto niliowapa daraja la juu, kwa sababu wao mstari wa kwanza haukuwagharimu chochote. Yeyote aliyekuwepo mkutanoni siku ile na akaondoka na neno langu, nakuomba ulirudishe.

Ana miaka kumi na mitatu sasa. Nimezungumza naye mara moja, barabarani, akiwa ameegemea baiskeli yenye magunia. Hakunitazama usoni. Nilimwambia kuna vituo vya kuwarudisha shuleni watoto walioacha, ambavyo vinamaliza madarasa sita ya msingi kwa miaka mitatu, na kwamba kwa umri wake bado anapokelewa. Nilimwambia pia nimeshazungumza na mwalimu wa kituo kimoja juu ya agizo moja moja na dawati la mbele. Akaniuliza kama huko wanapiga. Nikamjibu kwamba nimeuliza, na wamesema hapana, na nitakwenda naye siku ya kwanza ili nisikie tena kwa masikio yangu. Akasema atafikiri, akasukuma baiskeli.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu uko karibu. Nimemwomba direkta anipe nafasi mwanzoni kabisa, kabla ya habari za paa na madawati, nikasimame niseme haya kwa Kiswahili ili hata mabibi wasikie. Mama yake ameniambia atakuja, na atakuja na yule jirani aliyefiwa.